Mlonge, mforosadi, glirisidia, lusina au kisamvu: jani lipi la kumkuzia sungura Unguja na Pemba

Mfugaji wa sungura wa Visiwani anapotafuta protini huishia katika njia mbili. Ama hununua mashudu ya alizeti au ya soya yanayovushwa kutoka bara, akalipia na nauli ya bahari iliyomo ndani ya bei, ama huwalisha wanyama wake nyasi na pumba peke yake akasubiri wakue. Kusubiri huko ni kurefu. Sungura aliyeachishwa ziwa akiwa na wiki tano anahitaji chakula chenye protini kama asilimia 16 ya uzito mkavu. Nyasi za kiangazi zina asilimia 6 mpaka 8, na pumba za mahindi zina karibu 10. Zichanganye utakavyo, 16 huipati.

Njia ya tatu imesimama uani na kwenye mipaka ya mashamba: miti. Majani ya miti kadhaa tuliyonayo yana protini inayokaribiana na ya mashudu ya alizeti, na hayangoji meli. Nimechagua matano yanayopatikana au yanayoweza kupandwa hapa bila ya taabu, nikayaweka bega kwa bega ili anayetaka kuanza ajue akate lipi na apande lipi.

Watu wengi huanza kwa kuuliza ni jani lipi lenye protini nyingi zaidi. Kwa maoni yangu swali hilo linapoteza, maana kwa protini majani haya yanakaribiana. Yanapotofautiana sana ni katika sumu, ladha, namna yanavyokauka, na ardhi yanayoipenda. Mkaazi wa Makunduchi na mkaazi wa Wete hawawezi kupewa jibu moja, na atakayewapa jibu moja atamtia hasara mmoja wao.

| Jani | Protini, asilimia ya uzito mkavu | La kuangalia | Ardhi |
|---|---|---|---|
| Mlonge | 25 hadi 28 | Hunyauka na kuchacha haraka likirundikwa | Kichanga, maweni. Halitaki maji yaliyotuama |
| Mforosadi | 15 hadi 25 | Linataka udongo wenye rutuba na unyevu | Udongo wa kina, mabonde yasiyotuama maji |
| Glirisidia | 20 hadi 25 | Harufu. Hatari kubwa likiota ukungu | Karibu popote |
| Lusina | 22 hadi 28 | Sumu ya mimosini | Maweni na udongo wa chokaa |
| Kisamvu | 20 hadi 30 | Sumu ya sianidi likiwa bichi | Popote mhogo unapoota |

Tarakimu hizi zinapanda na kushuka kwa umri wa jani. Jani changa lina protini zaidi kuliko lililokomaa, na ukikata pamoja na vijiti, protini ya mchanganyiko wote inashuka. Kwa hiyo mlonge uliokatwa ovyo na matawi yake unaweza kuwa chini ya mforosadi uliovunwa vizuri.

Tumbo la sungura si la mbuzi

Hapa naomba msomaji asiwe na haraka, kwa sababu makosa mengi ya kulisha majani ya miti yanatokana na kumtazama sungura kama mbuzi mdogo.

Mbuzi anacheua. Jani likifika tumboni mwake hupokewa kwanza na vijidudu, na vijidudu hivyo huvunja baadhi ya sumu kabla hazijaingia katika damu. Sungura hana chumba hicho cha mbele. Kwake yeye chakula huchachishwa nyuma, katika kifuko kikubwa kilichopo mwanzoni mwa utumbo mpana, na kabla ya kufika huko kimeshapita katika utumbo mwembamba, ambako sumu nyingi zimeshanyonywa. Ndiyo maana jani ambalo mbuzi wa jirani analila mwaka mzima na ananenepa linaweza kumdhuru sungura katika wiki chache.

Kifuko hicho pia ndicho kinachomwezesha sungura kuishi kwa majani. Usiku na alfajiri hutoa kinyesi laini ambacho hukila palepale kinapotoka, na ndani yake mna protini iliyotengenezwa na vijidudu. Mfugaji mgeni akimwona hudhani mnyama anaumwa. Haumwi, na asizuiwe. Hata hivyo protini hiyo haimtoshi mnyama anayekua, hivyo bado kinachoingia kinywani ndicho kinachoamua.

Jambo jingine ni nyuzinyuzi. Sungura anayekua anahitaji chakula chenye nyuzinyuzi zisizopungua asilimia 14 hivi ili utumbo uendelee kusukuma. Majani machanga ya mlonge au ya mforosadi ni laini mno kuweza kuifanya kazi hiyo peke yake. Ukimjazia hayo tu, na hasa yakiwa mabichi yenye umande, tumbo hufura gesi, anaharisha, na kitoto kilichoachishwa ziwa karibuni kinaweza kufa usiku mmoja. Nyasi kavu zisitoke bandani hata ukiwa na ekari nzima ya mlonge.

Mlonge

Kama ningelazimika kutaja jani moja tu kwa visiwa vyote viwili, ningetaja mlonge, ambao wengine huuita mzunze. Ni mti uliotoka chini ya milima ya kaskazini mwa India na leo umeenea pwani yote. Protini yake ni nyingi na pia ni nzuri: ina methionini na sistini, aina mbili za amino asidi zenye salfa ambazo majani ya jamii ya mikunde kama lusina na glirisidia hayana za kutosha, na ambazo mnyama anazihitaji kwa nyama na kwa manyoya. Tanini yake, yaani vitu vichungu vinavyofunga protini isimeng'enywe, ni chache. Hauna sumu ya kumtia hofu mfugaji anayeutumia kwa kiasi.

Ladha yake ina ukali kidogo, na sungura asiyeuzoea anaweza kuunusa na kuuacha siku ya kwanza. Ukimtilia kidogo kidogo pamoja na kitu anachokijua, kama matembele, aghalabu huukubali katika siku chache.

Mbegu zake huota upesi. Kwa anayetaka majani na si mti mrefu, apande kwa karibu kama tuta la mchicha, akate kwa mara ya kwanza baada ya miezi miwili au mitatu, kisha kila baada ya wiki sita au nane, akibakisha shina la kimo cha goti au zaidi. Usipoukata unakimbilia juu, na majani yanakuwa huko ambako hata mtoto wa kupanda minazi hatayafikia.

Udhaifu wake ni kwamba jani ni jepesi sana. Likirundikwa kwenye polo linapata joto, linachacha na kugeuka jeusi kabla ya magharibi. Na kwenye ardhi ya kinamo inayokaa maji, kama mabonde ya mpunga ya Cheju, mizizi yake inaoza.

Mforosadi

Kwa ladha na wepesi wa kumeng'enywa, mforosadi unaushinda mlonge. Wafugaji wa nondo wa hariri wa Asia wameutumia kwa maelfu ya miaka, na kwa sungura ni karibu chakula kamili: haumtishi kwa harufu, hauna sumu ya kuhesabika, na sehemu kubwa ya jani inageuka kuwa mwili badala ya kinyesi. Sungura anaufuata hata akiwa ameshashiba. Ukiwa na jike anayenyonyesha ambaye amekonda, mimi ningemchumia forosadi kabla ya kufikiria kitu kingine.

Basi kwa nini usiwe wa kwanza? Kwa sababu ya ardhi na maji. Mforosadi unakula udongo. Ukiukata kila baada ya miezi miwili au mitatu na usirudishe mbolea, baada ya muda unatoa majani madogo ya manjano, na protini inashuka pamoja nayo. Kwenye jiwe la matumbawe na udongo wa kiganja kimoja hauna pa kuzamisha mizizi. Lakini mfugaji wa Pemba magharibi, au wa upande wa Kizimbani na Bumbwini, mwenye udongo wa kina na kisima karibu, ana kila sababu ya kuupanda. Samadi ya sungura wenyewe, ambayo haichomi mimea kama ya kuku, inarudi kwenye mashina yake moja kwa moja.

Huoteshwa kwa vipando vya unene wa kidole gumba. Vipande hivyo vikichomekwa mwanzo wa masika vinashika vyema, ila mkato wa kwanza wa maana unahitaji kungojwa karibu mwaka.

Glirisidia

Huu ndio mti ambao wengi wanao bila ya kujua thamani yake. Umepandwa kama ua, kama kivuli, kama nguzo hai ya kupandishia pilipili manga na vanila. Ukipogolewa hutoa matawi mengi, na matawi hayo kwa kawaida hutupwa shinani yaoze. Mwenye shamba la viungo ana chakula cha sungura anachokitupa.

Majani yake mabichi yana harufu ambayo sungura wengi wanaikwepa. Yakinyaushwa kwa saa kadhaa, au kulazwa usiku mmoja yakiwa yametandazwa, harufu inapungua na wanakula. Kwa protini hayana aibu.

Hatari yake iko kwenye ukungu. Ndani ya jani la glirisidia mna kumarini. Jani likikauka vizuri, au likiliwa likiwa limenyauka tu, kumarini hiyo haina madhara makubwa kwa kiasi kidogo. Lakini likilowa na kuota ukungu, vijidudu vya ukungu vinaigeuza kuwa dikumaroli, kitu kinachozuia damu isigande. Mnyama akipata jeraha dogo, au akizaa, damu haikatiki. Huko Amerika ya Kati mti huu ulikotoka, wakulima wamekuwa wakichanganya majani au magome yake na nafaka ili kuua panya. Sungura ni mdogo, karibu na kipimo cha panya kuliko cha ng'ombe.

Kwa hali ya hewa yetu, na hasa wakati wa masika ambapo hata chumvi kwenye kopo inalowa, mimi sishauri kabisa glirisidia iwekwe ghalani. Ikatwe asubuhi, inyaushwe, iliwe jioni au kesho yake, na inayobaki irudi shambani kuwa mbolea. Ukiitumia hivyo ni jani zuri na la bure. Isizidi moja ya tano ya majani unayompa kwa siku.

Tena, ukiuacha bila ya kupogoa, kiangazi huangusha majani na kutoa maua. Anayetaka majani mwezi wa Januari na Februari aupogoe mwishoni mwa vuli, machipukizi mapya yadumu.

Lusina

Lusina, au lukina kama wengine wanavyouita, unaota wenyewe kwenye viwanja vilivyoachwa na kando ya barabara, na unapenda udongo wa chokaa. Kwa hiyo maweni ya kusini na mashariki ya Unguja na uwanda wa Micheweni unaonekana kuwa nyumbani kwake. Protini yake inalingana na ya mlonge. Sungura wanaula bila ya kubembelezwa. Ndiyo maana ni mtego.

Mimosini iliyomo katika majani, na zaidi katika vikonyo vichanga na mbegu, inazuia manyoya kukua na inavuruga tezi ya shingo. Dalili huja polepole: manyoya yanadondoka, hasa kiunoni na mkiani, mnyama anapunguza kula, anaacha kuongezeka uzito, wengine wanapata rovu. Jike anaweza kukosa mimba au kuzaa vitoto dhaifu. Mfugaji anaanza kupaka dawa ya upele, na upele haupo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mtafiti wa Australia, Raymond Jones, alibaini kwamba mbuzi wa Hawaii walikuwa wakila lusina bila ya kudhurika kwa sababu matumboni mwao mlikuwa na bakteria wa kuvunja sumu hiyo. Bakteria huyo baadaye aliitwa Synergistes jonesii, kwa heshima yake, na wafugaji wa ng'ombe wa Australia wakaanza kuwapa wanyama wao bakteria hao. Lakini hiyo ni habari ya wanaocheua. Kwa sungura hakuna njia ya mkato ya namna hiyo.

Je, tuuache kabisa? Hapana, kwa sababu kuna mahali ambapo hakuna jani jingine la kiangazi. Kwa sungura anayekua ningeweka kikomo kwenye sehemu moja ya kumi ya chakula chake chote, majani yaliyokomaa na si vikonyo, na ningepumzisha mara kwa mara. Mimosini inayeyuka katika maji, hivyo kuyaloweka majani siku moja na kumwaga maji kunaipunguza zaidi kuliko kuyaanika tu. Jike wa kuzalisha na dume wa mbegu wasipewe. Huyu wa kuchinjwa akiwa na miezi minne hana muda wa kukusanya madhara makubwa. Jike utakayekaa naye miaka mitatu anao.

Kuna na mdudu mdogo anayefyonza vikonyo vya lusina, aliyefika Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1990. Akikaa, miti inabaki mafimbo matupu kwa wiki. Asiye na jani jingine hapo amekwama.

Kisamvu

Nimekiweka mwisho kwa sababu hakihitaji kuelezwa sana kwa Mzanzibari. Hakuna anayekila kisamvu kibichi; tunakitwanga na kukichemsha kwanza, na sababu ni ileile inayomhusu sungura. Kikikatwa na kunyaushwa, sianidi hupaa. Kikikatwakatwa vipande vidogo na kuanikwa juani siku mbili, sehemu kubwa imeondoka. Mhogo mchungu na ule wa mpira vina sumu zaidi, na hivyo ningevitumia vikiwa vikavu tu. Ubaya wake mwingine ni kwamba kinagombaniwa na sufuria ya nyumbani, na kuukata mhogo majani mengi kabla haujakomaa kunapunguza mhogo wenyewe. Wakati wa kung'oa mhogo, hapo majani ni mengi na hayana mwenyewe: yaanike yote.

Kaliandra, mti mwingine unaopandwa kwa majani ya mifugo, nimeiacha nje kwa makusudi. Ina tanini nyingi zinazofunga protini isimeng'enywe, na inafanya vizuri zaidi milimani kuliko ufukweni. Majani ya mbaazi baada ya kuvunwa yanafaa kama nyongeza, hasa kwa kuwa mbaazi tunazipanda kila mahali, ila yakishapevuka huwa magumu.

Kukausha ndiko kunakoamua

Mwezi wa Aprili kila kitu kina majani. Sungura wako hawatakwama mwezi wa Aprili. Watakwama kiangazi, baada ya vuli kuisha, nyasi zikiwa kama waya. Kwa hiyo uwezo wa jani kukaushwa na kuwekwa una uzito mkubwa kuliko nusu ya mambo niliyoyaeleza hapo juu, na hapa mlonge unaongoza mbali. Jani lake ni dogo, linakauka kivulini kwa siku mbili au tatu za hali nzuri, na linajipukutisha lenyewe kutoka kwenye kijiti. Forosadi ni jani pana, linahitaji kugeuzwa. Lusina linapukutika vyema. Glirisidia tumeshasema.

Jua kali linachoma karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, na kulifanya jani rangi ya tumbaku. Anika kivulini penye upepo, juu ya uchaga au jamvi lililonyanyuliwa, si juu ya mchanga. Kule Paje na Jambiani, ambako mwani huanikwa karibu na pwani, jani likianikwa chini hurudi na mchanga na chumvi, na mchanga unalisaga jino la sungura vibaya. Kwa Pemba msimu wa karafuu una tatizo lake: majamvi yote yana kazi, na watu wote wako juu ya mikarafuu. Vuna majani kabla ya hapo, au tengeneza uchaga wa fito na wavu wa zamani usiogombaniwa na mtu.

Jani limekauka pale linapovunjika kwa mlio ukilifikicha. Likikunjika, bado. Litie kwenye polo safi, lisimame juu ya mbao mbali na ukuta, na kila wiki ingiza mkono katikati ya polo. Ukikuta joto au harufu ya uvundo, mwaga lote, usichague.

Kiasi

Majani mabichi karibu robo tatu au zaidi ni maji. Kilo 1 ya majani makavu inatokana na kilo 4 mpaka 5 za mabichi. Sungura anayekua hula kama gramu 80 mpaka 100 za chakula kikavu kwa siku, akianza na pungufu na kumaliza na zaidi. Robo ya hicho ikiwa ni unga wa majani, anahitaji gramu 20 hadi 25 kwa siku. Kutoka wiki ya tano hadi ya kumi na sita ni siku 77. Kwa hiyo kila sungura anakula karibu kilo 2 za majani makavu, yaani kilo 8 mpaka 10 za mabichi. Sungura kumi watataka kilo 100 mbichi. Hiyo ni kazi ya safu chache za mlonge uliopandwa karibu karibu na kukatwa mara kwa mara, si ya shamba kubwa.

Mchanganyiko ninaoupendekeza kwa kilo 100: pumba za mahindi 40, mashudu ya nazi 20, unga wa majani ya mlonge 25, nyasi kavu zilizokatwakatwa 15. Ukipiga hesabu kwa pumba zenye protini asilimia 10, mashudu 20, mlonge 26 na nyasi 7, unapata karibu asilimia 15 na nusu. Inatosha kwa mnyama wa hapa. Tia na chumvi nusu kilo. Unga mkavu unawapaliza, kwa hiyo uloweshe kwa maji kidogo kabla ya kuwapa, na unaobaki jioni uutoe.

Mashudu ya nazi yawe mapya. Yakikaa mafuta yake yanavunda. Chicha la jikoni nalo linafaa likiwa la siku hiyohiyo na kwa kiasi kidogo. Pumba za mpunga za mashine zetu nyingi zina makapi ndani yake; zinajaza tumbo bila ya kulisha, na makapi yana ncha kali. Usizifanye badala ya pumba za mahindi kwa uzito uleule ukategemea matokeo yaleyale.

Mabadiliko yoyote ya jani yachukue siku saba mpaka kumi. Maji yawepo wakati wote, maana sungura hunywa karibu mara mbili ya uzito wa chakula kikavu anachokula, na akila unga wa majani badala ya majani mabichi atakunywa zaidi.

Basi wewe uchague lipi

Ukiwa maweni, kuanzia Jambiani hadi Makunduchi, au Micheweni, panda mlonge kwenye mifuko ya udongo baina ya mawe. Ukaushe mwingi wakati wa mvua. Lusina iliyopo karibu iwe akiba ya kiangazi kwa wale wa kuchinjwa tu.

Ukiwa na udongo wa kina wa Pemba au wa magharibi ya Unguja, mforosadi kwa kulisha mbichi na mlonge kwa kukausha, mmoja karibu na banda na mwingine popote pasipotuama maji. Kwangu hii ndiyo jozi bora zaidi kuliko zote, na mwenye nafasi ya kuipanda asisite.

Ukiwa na shamba la viungo au ua wa glirisidia, usipande kitu kwanza. Anza na kile unachokitupa, ukikinyausha na kuwalisha siku hiyohiyo au kesho yake, kisha uongeze mlonge kwa ajili ya miezi ya ukame.

Ukiwa mjini, Jang'ombe au Kwahani, uani pana nafasi ya milonge mitatu minne tu. Inatosha jike mmoja na watoto wake ukichanganya na matembele. Mabaki ya mboga za sokoni Mwanakwerekwe ni ya kutumia kwa hadhari, kwa sababu hujui yalipigwa dawa lini. Yaoshe, yanyaushe, na usimpe aliyeachishwa ziwa wiki hiyo.

Asiye na ardhi yoyote na anayetaka sungura wafike kilo 2 haraka kwa ajili ya hoteli, afadhali alipie mashudu ya bara. Majani yanaokoa fedha, lakini yanataka mikono: kukata, kuanika, kugeuza, kufikicha. Nyumba yenye watu wawili wanaotoka alfajiri na kurudi usiku haitaiweza kazi hiyo, na sungura ndio watakaoumia.

Jani lolote utakalochagua, mizani ndiyo itakayokuambia kama limefaa. Wapime wiki ya kuachishwa ziwa, kisha kila wiki siku ileile na saa ileile kabla ya kula. Anayeanza na gramu 600 na kufika kilo 2 kwenye wiki ya kumi na sita ameongezeka kama gramu 18 kwa siku, na kwa chakula cha majani hayo ni matokeo mazuri. Wiki mbili mfululizo chini ya gramu 10 kwa siku, angalia kwanza maji, kisha minyoo na kuharisha, kisha umri wa majani uliyokata. Kama mkiani manyoya yamepungua na kuna lusina bandani, toa lusina siku hiyohiyo.